Bahasha Sita za Mizinga

Mume wangu ni fundi saa, mtu mpole mpaka anakera, lakini mkalishe mbele ya ramani ya vita uone. Mimi ni fundi cherehani. Meza yangu ya kukatia nguo, kubwa kuliko zote nyumbani, imebeba vita vya watu waliokufa miaka mia mbili iliyopita: mito ya rangi, vilima vya karatasi ngumu, askari wa bati, na mizinga midogo kama vifungo vya koti, minane kila upande. Sare za shule nazikatia sakafuni. Mgongo wangu ndio unaojua.

Mpinzani wake katika mchezo huo alikuwa kaka yake, shemeji yangu, aliyestaafu kazi ya posta. Walijitungia sheria: amri ya mizinga inaandikwa raundi mbili kabla na kufungwa kwenye bahasha, kwa sababu mizinga ya zamani ilivutwa na farasi, haikugeuzwa ghafla. Kwa hiyo unaandika mahali adui atakapokuwa, si alipo. Hapo ndipo shemeji alipomtoa jasho mume wangu. Mume wangu alitawanya mizinga yake, miwili huku, mmoja kule. Shemeji aliikusanya yote minane juu ya kilima kimoja, akaweka askari wa miguu mbele kuilinda dhidi ya wapanda farasi, kisha akatulia. Hakupoteza makombora kugombana na mizinga ya mwenzake. Alisubiri watu wajazane mahali pamoja, darajani tuseme, ndipo bahasha ifunguliwe, na ndani imeandikwa daraja. Hivyo hivyo, miaka nenda miaka rudi. Siku moja uvumilivu ukamshinda mume wangu, akamwambia kaka yake mbele yangu kwamba anachungulia karatasi zake.

 Shemeji alichukua kofia yake akaondoka, vita vikiwa katikati. Mwezi uliofuata akalazwa. Nilimsema mume wangu mpaka nikachoka, nenda kamwone ndugu yako, naye akashikilia kwamba aliyechungulia ndiye aanze kuomba radhi. Kiburi hicho! Tulimzika shemeji, na hakuna aliyekuwa ameanza.

Wiki tatu baadaye mjane wake akatuletea bahasha sita zenye namba. Marehemu aliziandika kitandani hospitalini, amri za raundi zote zilizobaki. Juu ya ile ya kwanza palikuwa na maneno mawili: "Shemeji asome." Shemeji huyo ni mimi.

Mume wangu alifurahi, nisiseme uongo, tena alifurahi vibaya. Alisema maiti hachungulii. Bahasha zikikosea, basi yeye ndiye aliyekuwa na haki na moyo wake utatulia. Zikilenga sawasawa, hapo hakumalizia.

Tulianza alasiri hiyohiyo. Yeye upande wake, upande wa pili kiti kitupu, mimi nimesimama katikati na futi ya kupimia shingoni. Akapeleka kikosi kwenye kinu cha kusagia nafaka. Nikafungua: "Kinu." Nikaondoa askari tisa. Akacheka, akasema bahati. Kesho yake akavuka mto chini kabisa, na bahasha ya pili ikasema kivukoni. Raundi ya tatu alipita kwenye kinamasi, ambako hata mwehu hapiti. Nilisoma kwa sauti kabla sijafikiri: "Kinamasi. Pole, mdogo wangu, matope yana baridi."  Tangu hapo sikupenda kukipa mgongo kile kiti.

Raundi ya nne hakusogeza hata askari mmoja. "Palepale," ikasema bahasha. Ya tano aliifikiria siku tatu, saa za wateja zikalala dukani, mwisho akajificha msituni. "Msituni. Hii umeiwaza sana." Mume wangu alikonda. Nilimwomba tuache, tuzichome. Akakataa, akasema lazima ajue alimtukana nani.

Kwa raundi ya mwisho alibaki na jemadari mmoja na bendera. Kabla ya yote alivaa lenzi yake ya kutengenezea saa akakagua gundi ya bahasha ya sita ukingo kwa ukingo. Haikuwa imeguswa. Kisha akaniambia hatachagua mahali mwenyewe. Akachukua dadu mbili, akazitupa, akahesabu miraba ya ramani, akamweka jemadari katikati ya shamba la mahindi. Hata yeye hakujua atafika hapo. Nje watu walikuwa wakipita na shughuli zao, jua bado kali, na mimi vidole vilikuwa vya barafu. Nikachana.

"Hii umetupa dadu," nilisoma. "Mizinga yote inyamaze. Sikuwahi kuchungulia, mdogo wangu. Nakujua tu."

Alinyoosha mkono nikampa karatasi. Aliisoma mwenyewe kwa lenzi, neno moja moja, kama anayetafuta kasoro. Halafu akaivua lenzi, akazunguka meza mpaka kwenye kiti kitupu, akapiga magoti. Miaka thelathini ya ndoa sijawahi kumwona amepiga magoti.

"Nisamehe, kaka," akasema, akangoja. Alingoja jibu kweli, kichwa ameinamisha, mpaka mimi pia nikajikuta nimetega sikio.

Meza sijaidai tena. Sare nazikatia sakafuni, jemadari bado yuko kwenye mahindi, na kila nikipita karibu na kile kiti na kitambaa changu, nasema samahani shemeji, napita.