Nyonga Mbili

Nyonga ya kushoto ndiyo iliyoanza. Tulikuwa tunashuka mteremko wa mtaa wetu wa Kagarama asubuhi, mimi na mwenzangu wa mazoezi, msichana niliyekimbia naye tangu sekondari. Maumivu yaliingia ndani kabisa ya kinena. Nilipunguza mwendo, nikamwambia kokoto imeingia kiatuni.

Nilipumzika, nikarudi, nikaumia tena. Nilipozoea kuegemea mguu wa kulia, nao ukaanza. Mambo yalikwenda hivyo miaka kadhaa, mpaka daktari aliponionyesha picha na kusema gegedu limechanika pande zote mbili. Upasuaji ungeweza kusubiri, lakini mbio niziache kwanza. Mama alikuwa amekaa kando yangu. Aliuliza kama nitaweza kuzaa. Daktari akasema ndiyo. Mama akakaza kitenge chake, na kwake habari ikawa imeisha.

Nilidhani nitalia. Nilifika nyumbani nikaosha vyombo, kisha nikaosha na vile vilivyokuwa safi. Jumapili barabara zilipofungwa magari yasipite na watu wakatoka kukimbia, nilisimama getini nikawatazama wakipita. Sikuwaonea wivu. Sikuhisi chochote.

Mwanamke aliyenifanyisha mazoezi ya viungo hospitalini, ambaye wazee humwita kine kwa Kifaransa chao, alinilaza chali akainua mguu wangu polepole.

"Hapa iko inauma?"

"Sijui."

Aliuacha mguu hewani, akanitazama. "Sikuulizi kama unavumilia. Nakuuliza kama inauma."

Kwa kweli sikujua. Kocha wetu aliwasifu sana wasichana wasiolalamika, nami nilikuwa nimejifunza somo hilo mpaka ndani ya mifupa. Kine akasema basi tutaanzia hapo. Kila nilipokwenda aliubonyeza mguu, akasubiri nimweleze, na nilipomjibu harakaharaka aliuliza upya.

Kazi za nyumbani alizonipa zilichosha kwa udogo wake: kulala ubavu, kufungua goti, kulifunga. Kisha akaniruhusu kutembea. Asubuhi ya kwanza nilimkuta mwenzangu nje ya geti, amevaa viatu vya kawaida. Nilimwambia kocha atakuwa anamtafuta.

"Anajua niliko," akasema. "Nikikimbia peke yangu wenye pikipiki wananifuata wananipigia honi. Na hata hivyo, dada, nataka kutembea."

Tulitembea mpaka karibu na soko la Kicukiro, tukarudi. Akaja na kesho yake, na majuma yaliyofuata. Alinisimulia maandalizi ya harusi ya dada yake, ugomvi wa mashangazi, rangi ya mavazi ya mishanana waliyoshindwa kukubaliana. Nilisikia nusu. Nilijua ananifanyia jambo kubwa, nikangoja shukrani inipande kifuani. Haikupanda. Nilimwambia asante hivyohivyo, naye akaipokea kama ilivyo.

Mvua zilipoisha alirudi kwenye timu. Siku aliposhika nafasi ya pili katika mashindano yake ya kwanza bila mimi, alinipigia simu akiwa bado anahema. Nilimpa hongera. Akaniuliza kama nimekula.

Siku hizi nakimbia tena, kidogo, mara mbili kwa wiki. Kuna asubuhi nyonga ya kulia ilinichoma nikiwa chini ya mteremko. Zamani ningepanda nayo mpaka juu. Nilisimama, nikashika kiuno, nikarudi nikitembea, huku wanafunzi waliovaa sare wakinipita. Sikuhisi aibu wala ushindi. Nilihisi nyonga tu, mahali pake hasa, upande wa mbele.

Nyumbani mama alikuwa anachambua maharage. Aliuliza mbona nimewahi. Nikamwambia mguu umeuma, nimeacha.

"Umeacha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Alisogea kwenye mkeka kunipa nafasi, nikakaa taratibu, nikaanza kuchambua naye.