Unga Wangu Wenye Harufu ya Ndimu

Wazazi walipofariki niliacha shule, na tangu hapo unga wa muhogo ndio unaonilisha mimi na wadogo zangu. Juzi, sokoni Koboko, mpishi wa shule alikuja kutafuta muuzaji wa kudumu. Kila nilipotikisa gunia ilipanda harufu ya ndimu, nami nikajisifu: "Nusa, mama! Nani ingine iko na unga kama hii?"

Alinusa, akamwaga kidogo kwenye sinia jeusi. Unga ukaanza kutembea.

"Dada, hiyo si ndimu, ni utitiri, wadudu wadogo wa unga. Ukitikisa, wanatoa harufu kuambiana, 'Hatari, kimbia!'"

Wauzaji wenzangu walicheka hadi machozi. Nikafunga gunia.

"Jumamosi rudi, mama. Nitaleta unga haina harufu."

"Na haitembei," akajibu.