Jicho la Mashine ya Nsimire

Nsimire, fundi wa ordinateri, ndizo kompyuta, pale Kadutu, juu ya soko, si mutu wa kuchokoza. Muulize Guylain.

Huyo Guylain, fundi jirani yake, aliazima kwake mashine ya kuchomea diski, ile ya kuandika filamu juu yake, siku moja tu. Wee! Akaifungua, akang'oa lile jicho la ndani linalosoma na kuandika, jipya kabisa, akapachika lake lililochoka. Nsimire hakujua kitu. Akachoma filamu ya Papa Zagabe akitoa baraka siku ya dote, mahari ya binti yake, na kwa kuamini mashine yake akafuta filamu kwenye kamera, apate nafasi ya kupiga picha za ndoa ya kesho yake. Kabla watu hawajaitazama, Papa Zagabe akafa.

Siku ya kuondoa matanga, mujane wake, maman Rosette, akaweka diski mbele ya familia nzima. Ikakwaruza, ikakwama. Hakuna picha, hakuna sauti. Wakamufukuza Nsimire na matusi mpaka barabarani, eti mwizi, na wateja wakahamia kwa Guylain. Alipofungua mashine akakuta skrubu zimechunwa na jicho si lake. Lakini nani angemusadiki? Miaka miwili akakaa na hasira yake.

Mwezi uliopita Guylain akaja mwenyewe, jasho tele, na diski ya marehemu mama yake. Mashine zote za muji zilikuwa zimeikataa.

"Dada Nsimire, sauti yake iko humu tu. Unisaidie."

"Nitakusaidia. Ulete kwanza maman Rosette, umuambie ulifanya nini na mashine yangu."

Siku nne akazungukazunguka. Siku ya tano akamuleta, akasema yote, macho chini. Nsimire akasikia utamu. Hata hakujificha, alicheka waziwazi.

Akaingiza diski katika mashine yake, sasa yenye jicho jipya. Mashine ikazunguka, ikatafuta, ikashika.

"Guylain, mutoto wangu..." sauti ya mama ikaanza.

"Zima," maman Rosette akasema.

"Maman, pardon! Acha hata kidogo!" Guylain akapiga magoti.

"Mimi bwana yangu sikumusikia hata neno moja. Nsimire, zima."

Nsimire akabonyeza. Diski ikatoka, ikiwa bado ya moto. Akamutilia Guylain mukononi, akaita muteja aliyefuata.