Mkono wa Katungu

Mama Nasra, na Nasra ni jina lake mwenyewe, si la mtoto, alinikanda baada ya uzazi wangu wa kwanza, na hadi leo nikimwona na ndoo ya maji ya moto mgongo unanisisimka. Mtaani kwetu Kisangani hakuna mzazi aliyemkwepa. Vidole vyake havikujua huruma. Ukilia, alifurahi: kazi inaingia. Mama yake alimfundisha hivyo, na sisi sote tuliamini kwamba asiyekuumiza hajakukanda.

Kwa hiyo Katungu, muuza maharagwe kwa jumla aliyetoka Butembo, alipokatwa titi kwa sababu ya saratani na mkono wa upande ule ukavimba hadi blauzi zikamkataa, alimwendea nani mwingine? Nasra akamkanda siku nne mfululizo. Siku ya tano mkono ulikuwa unawaka, na homa ikamwangusha.

Hospitalini alikuwapo kine, ndivyo tunavyomwita mtaalamu wa viungo, kijana aitwaye Constant. Akauliza nani aliyeufanya mkono hivyo. Nasra alikuwa amekaa palepale kando ya kitanda, ameshika bakuli la uji.

"Nilianguka ku soko," Katungu akasema.

Ningekuwa mimi, ningenyamaza na kumshukuru Mungu. Nasra aliweka bakuli chini.

"Iko anadanganya, docteur. Ni mimi. Nilimukanda na maji ya moto, na nguvu yote."

Constant hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alimweleza kwamba tezi za kwapa zilitolewa pamoja na titi, kwa hiyo maji ya mwilini yamepoteza njia yao. Yamekaa karibu na ngozi. Joto na nguvu huyazidisha tu. Dawa kwanza, mpaka homa iishe. Kisha Nasra, mwanamke wa miaka sitini, alikwenda kila asubuhi kwa majuma matatu kufundishwa na kijana wa umri wa kitinda mimba wake: anza shingoni, nenda kwapa la upande usiokatwa, ndipo uje mkononi, na usisogeze kitu zaidi ya ngozi. Aliniambia kujizuia kulimchosha kuliko kukanda.

Siku aliyorudi kwa Katungu nilimsindikiza. Hakubeba ndoo.

"Ukikataa, nitaelewa," akasema mlangoni.

Katungu aliitazama mikono mitupu ya Nasra. Niliogopa kwa niaba ya Nasra, kwa maana nilijua hatamgusa tena mtu yeyote akifukuzwa pale. Mwishowe Katungu akalegeza kitenge, akampa mkono.

Nasra akaketi karibu naye. Baadaye Katungu akakunja uso.

"Mama Nasra, utaanza saa ngapi?"

"Nilianza tangu zamani."

Tulicheka sote watatu. Halafu nikaona machozi yanamtiririka Katungu, nikamuuliza kama anaumia.

"Hapana," akasema. "Tangu walinikata, kila mutu ananigusa na woga. Huyu peke yake hakuogopa, alafu aliniumiza. Leo hakuna woga, hakuna maumivu."

Nasra naye alikuwa analia, lakini mikono yake haikuongeza nguvu.