Siku Tulipostaafisha Dinamo

Pikapu yetu ilinizidi umri, na dinamo yake ilikuwa imechoka kuliko bibi yangu. Ukiwasha taa, waipa inasimama. Ukiwasha waipa, taa zinafifia kama macho ya mgonjwa wa homa. Sasa shuka nayo mlima wa Kinole alfajiri, ukungu na mvua, ndizi nyuma, mwanangu wa miezi minane kalala kwenye tenga pembeni yangu. Siku moja nilichagua waipa. Tukaingia mtaroni. Mtoto hakuamka, lakini mimi nililia kwa hasira hadi Mkuyuni. Nikaapa: hatushuki tena mlima huu na dinamo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Spea ambazo zamani ulizipata kwa kujuana sasa zilimwagwa chini barabarani kama viazi. Nikapata altaneta, dinamo ya kisasa, ya gari la Kijapani lililokatwakatwa, ya mwisho kwa muuzaji wake, nikaipeleka mjini Mwembesongo kwa fundi mmoja mtu mzima, Mluguru wa Matombo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baba mtoto yuko wapi?"

"Kazini."

"Basi tumsubiri."

"Aje afanye nini? Dereva mimi."

Akaguna, akaanza kazi. Kwa kweli mikono alikuwa nayo. Alichomelea kishikio, akakaza mkanda, altaneta ikakaa kama imezaliwa pale. Kisha akarudisha betri, na hapo damu ikanichemka. Waya wa chanya alikuwa anaufunga kwenye bodi ya gari.

"Mzee, hiyo kinyume. Hasi ndiyo iende kwenye bodi. Hivyo utaiunguza."

"Kinyume! Nimeanza kufunga magari hujazaliwa. Hili tangu lije nchini, chanya yake iko kwenye bodi. Ndiyo mila yake. Altaneta ni mgeni, na mgeni hufuata mila ya nyumba."

Wateja waliokaa kwenye benchi wakacheka. "Mama, mwachie fundi!" mmoja akasema. "Kanyonyeshe!"

"Nitakunyonyesha wewe," nikamjibu, akatazama viatu vyake.

Fizikia ya kidato cha tatu nilikuwa nayo kichwani, lakini nani pale angeisikiliza? Fundi alishashika waya wa pili, bado kuufunga tu. Nikasimama kati yake na betri, tenga na mtoto mkononi.

"Mzee, humu nani anazaa umeme?"

"Altaneta."

"Anayezaa anaitwa nani?"

Akageuka kunitazama.

"Mama," nikasema. "Na ninyi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa nani?"

Alicheka hadi spana ikamdondoka. "Umenishika pabaya, mwanangu! Ukoo ni wa mama, basi na mila ni ya altaneta." Akachukua tambara, akaisugua altaneta, na kweli chini ya grisi kulikuwa na alama ya kutoa pale inapogusa bodi. Hakuomba radhi. Aligeuza tu nyaya za betri, taratibu, huku akipiga mluzi.

Nikawasha. Taa, waipa, honi, vyote kwa pamoja! Nilikuwa nataka kucheza pale pale, ndipo moshi ukatoka kwenye dashibodi. Redio ya mume wangu. Ilikuwa ya mila ya zamani, chanya kwenye bodi, na hakuna aliyeikumbuka.

Fundi akaunusa ule moshi. "Huyo ni mjomba," akasema. "Mmeamua mambo ya ukoo bila kumshirikisha."

Mume wangu alininunia siku tano. Ya sita akapanda nami Kinole kuchukua mzigo, na alfajiri tukashuka kwenye mvua, mtoto mapajani mwake.

"Kimya sana humu," akasema. "Bila redio hili ni jeneza."

"Tazama mbele."

Akatazama. Taa zilikuwa zimefika hadi kwenye kona, kioo safi, na upande wake, hatua mbili tu kutoka kwenye tairi, korongo lote lilionekana na migomba yake hadi chini. Mwaka mzima tulikuwa tukipita pale bila kuliona.

Akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili. "Mke wangu," akasema, "punguza mwendo kidogo."

Redio hakuitaja tena.