Meza Yangu ya Kuzungusha Pikipiki Ilimponza Kambale

Mimi ndiye niliyemponza Kambale. Si jirani mwenye wivu, si mchawi. Mimi! Na sitaki mtu anipe pole, pole zenu kaeni nazo.

Nilikuwa fundi wa pikipiki Kasese, Uganda, wakati ule wa serikali ya jeshi. Duka langu lilikuwa jembamba, ukiingiza pikipiki huwezi kuigeuza. Kuitoa ni kinyumenyume, usukani unakwaruza ukuta huku, eksozi inakuunguza mguu huku. Kila siku matusi tu.

Basi nikapata akili, na laiti nisingeipata! Nikachukua haba, kile kitovu cha gurudumu, ya lori bovu, pamoja na beringi zake, nikaizika kwenye saruji katikati ya sakafu. Juu yake nikafunga mbao za mvule nilizozikata duara. Pikipiki inapanda, unasukuma kidogo, inageuka yote pale pale bila kugusa ukuta, na kutazama barabara. Pembeni nikaweka pini ya chuma ya kuizuia isizunguke. Sikufundishwa na mtu.

Watu wakaanza kuja kutazama, hata wasio na baiskeli! Nikawa nazifuta pikipiki za wateja zing'ae, nazipandisha, nazizungusha mlango ukiwa wazi kama bibi harusi. Wakipiga makofi, mimi kichwa kinavimba.

Sasa sikilizeni ujinga wangu.

Kambale alikuwa rafiki yangu, Mkongo wa upande wa Butembo, aliyekimbia vita na mkewe Masika wakakaa Bwera, karibu na mpaka. Kitu pekee walichovuka nacho mpaka ni pikipiki nyekundu. Ndiyo iliyowalisha. Alibebea vitenge kwenda soko la Karambi, kwa njia za migombani, maana pikipiki ilikuwa bado na namba ya Kongo nyuma, na karatasi za Uganda hakuwa nazo. Siku zile Mkongo wa namna hiyo aliitwa mtu wa magendo, au jasusi, na kule kambini kwa askari hawakuuliza mara mbili.

Klachi ikamfia. Akaileta kwangu ndani ya lori, chini ya magunia ya muhogo. Akaisimamisha mwenyewe, namba ikitazama ukuta.

"Fundi, ndugu yangu," akasema, "hii kitu isitoke pa hii ukuta. Mutu asione nyuma yake. Njo maisha yetu hii."

"Usiwe na wasiwasi," nikamwambia. "Hapa ni kwako."

Kwako! Mdomo wangu huu!

Klachi nikaitengeneza, nikaifuta pikipiki yote. Loo, ilikuwa nzuri ile! Na siku ya soko, barabara imejaa watu, nikaona haya kuzungusha zile pikipiki makopo za kila siku. Nikajidanganya kwamba nitaigeuza robo tu, waone mbele na ubavu, kisha natia pini. Nikaipandisha.

Watu wakasimama. Kati yao akatokea askari mmoja mwenye tepe, anatafuna muwa.

"Wewe! Hii inazunguka yote?"

"Ndiyo, afande."

"Zungusha!"

Ningeweza kusema beringi imekwama. Pini nilikuwa nayo mkononi! Lakini mtu mmoja akacheka nyuma, akasema huyu fundi ni wa maneno tu. Hayo yakanipanda kichwani. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, na ile meza niliyoitengeneza vizuri hivyo haikujua kusimama njiani. Mkia ukaja mbele, na namba ya Kongo ikasimama mbele ya uso wa afande.

Akatupa muwa. "Ya nani?"

"Si yangu, afande."

"Mimi nauliza ya nani!"

Nikataja jina. Akauliza anakaa wapi, nikataja Bwera, nikataja mtaa, nikataja hata rangi ya mlango. Rangi ya mlango hakuniuliza! Wala hakunipiga hata kofi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Wengine walisema baada ya kung'olewa meno, mimi nilisema meno yangu yote yakiwa kinywani.

Akaita wenzake, wakapakia pikipiki kwenye lori lao. Jioni wakampakia na Kambale.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yangu yalizaliwa siku ile ile.

Baada ya siku kadhaa Masika akaja dukani. Nikaanza kulia na kujitetea, shemeji hivi, shemeji vile, nililazimishwa. Yeye alikuwa anatazama meza, ambayo sasa haikuwa na kitu juu yake.

"Zungusha," akasema.

"Shemeji, tafadhali..."

"Ulizungushia afande. Zungushia na miye. Pengine bwana yangu iko nyuma yake."

Nikazungusha. Ningefanya nini? Mbao zikaenda tupu, beringi laini, hata mlio hakuna. Akangoja mpaka ziliposimama, ndipo akaondoka.

Kambale walimwachia hatimaye, akarudi na sikio la kushoto lisilosikia tena. Pikipiki hawakumpa. Wakaamua kurudi Kongo kwa miguu, huko huko walikokimbia risasi. Niliposikia nikaenda mbio mpaka Bwera, nikawakuta barabarani, godoro kichwani.

"Wabukire, Kambale!" nikamsalimu, na kwetu salamu ya asubuhi hata adui huijibu. Akanigeuzia lile sikio bovu, akaendelea kutembea.

Meza niliipasua kwa shoka siku ile ile. Haba imebaki ndani ya saruji, haing'oki. Nikipita juu yake kwa kiatu, bado inazunguka, mwanaharamu yule!

Wewe unayependa sifa, nisikie vizuri. Mtu akikuachia kitu chake kinachotazama ukuta, kiache kitazame ukuta, hata wakikucheka mpaka wachoke! Wale walionipigia makofi, nilipogeuka kutafuta hata mmoja wa kusema neno, barabara ilikuwa nyeupe, haina mtu.