Mchongoano Mbele ya Sufuria

Nakumbuka jioni moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu. Ni jioni niliyotia nguo zangu katika begi langu kuukuu la shule, nikitaka kuwaacha wadogo zangu.

Mama alikuwa amemfuata baba kaburini. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo niliacha shule darasa la saba, nikawa kibarua wa kupakia mizigo katika kiwanda kimoja mtaa wa Baba Dogo. Tuliishi chumba kimoja cha mabati mtaa wa jirani wa Lucky Summer, mimi na Ouma na Akinyi, wao bado wakiwa watoto wa kung'oka meno ya utotoni.

Siku hiyo nilirudi mgongo ukiniuma, nikasonga ugali. Kazi ya mwiko sikuwa nimefundishwa. Msiba ndio ulionipa. Ugali ukatoka mgumu nje, mbichi ndani. Ouma akaugonga kwa kidole, akamtazama dadake. Unawajua watoto wa mitaa yetu ya Eastlands: kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ameshajua mchongoano, ule mchezo wa kutupiana mizaha ya kuchoma.

“Ugali ya brathe ni ngumu, hadi panya wa hii ploti wote ni mapengo!” Ouma akaanza kunitania.

“Na ndani ni mbichi,” Akinyi akadakia, “hadi ukimeza inaota tumboni!”

Watoto wa jirani waliosimama mlangoni wakaangua kicheko, wakadai mchongoano mwingine. Mchana kutwa nilikuwa nimetukanwa na msimamizi, nikanyamaza kwa ajili ya unga uleule. Nilichukua begi, nikatia nguo zangu, nikatoka.

Langoni alikuwa Mama Mwende, jirani yetu Mkamba aliyepika chapati za kuuza. Aliliona begi, akaelewa.

“Wewe kijana, unawakimbia watoto au unaikimbia midomo yao?”

“Wananicheka, Mama Mwende. Nimechoka.”

“Watacheka. Kwani nani amewaonyesha njia nyingine ya kukwambia ugali haujaiva? Mzazi wao ni wewe sasa. Rudi.”

Akanishika kiwiko hadi ndani. Akawafukuza wa mlangoni, akawaketisha wangu, akawaamuru kila mmoja amege tonge na kulitafuna polepole.

“Mwambieni kwanza alipopatia. Kisha alipokosea. Halafu kila mtu aseme kesho atamsaidia nini. Asiye na la kusaidia afunge mdomo, ale.”

Wakamega, wakatafuna. Mwishowe Akinyi akasema, macho chini, “Chumvi haukuweka, hiyo ni sawa. Lakini katikati ni unga. Sufuria inacheza sana ukisonga. Kesho nitaishikilia, ndio usonge na mikono mbili.”

Nikaliweka begi chini.

Tangu hapo hiyo ikawa desturi yetu, kwenye chakula, kwenye hesabu za shule, hata kwenye nguo iliyofuliwa ikabaki na sabuni. Lakini usidhani hadithi hii ni tamu. Niliwasomesha wote wawili. Mimi sikurudi darasani, na ujana hauna pa kudaiwa. Jioni ya harusi ya Ouma, wageni walipoondoka, aliniketisha kando.

“Kaka, hatukulala njaa hata siku moja. Hapo ulipatia. Lakini ulinuna miaka yote, tukakua tukijiona mzigo. Sasa Jumapili nitakuwa nakuja, tukae tu, bila kazi.”

Nilikasirika, mwanangu. Maneno yale ni shubiri hadi leo. Ila yalikuwa kweli, na kila Jumapili Ouma huja.

Kwa hiyo nakuusia wewe uliye na watoto wanaofuatana. Samaki mkunje angali mbichi. Wafundishe mapema kutaja kilichofaa kabla ya kasoro, na kasoro iwe ya kazi, si ya mtu. Mchongoano wauache uwanjani; asiyeshika sufuria asimcheke anayesonga. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Tena waruhusu wakusahihishe wewe pia, ukijua kwamba siku watakapofanya hivyo itakuuma.

Mungu akujalie nyumba isiyokosa wa kukwambia kwamba katikati hakujaiva, wala mkono wa kukushikia sufuria.